Kibao cha Kumi na Tisa

Kwanza, usimwage maji. Ubao ukinywa huvimba,
ukivimba haufungi, na usipofunga
utauona mtaa mzima na mtaa utakuona.
Siki kijiko kimoja, maji vuguvugu nusu bakuli,
soksi kuukuu uivae mkononi.
Hii yangu ni ya marehemu, ya kushoto.
Kidole gumba changu kinachungulia
pale kisigino chake kilipokuwa kikichungulia.

Vumbi la Magomeni nalijua kwa tabaka.
La juu jekundu, la jana, la malori ya kifusi
yanayofukia barabara iliyofukuliwa mwaka juzi.
Chini yake jeupe: mashine ya sembe ya Bi Tatu.
Chini kabisa jeusi, lina mafuta, limeng'ang'ania:
chipsi mayai za Shukuru, miaka tisa.
Hilo halitoki kwa kubembelezwa.

Vibao ishirini na sita. Nahesabu kwenda chini.
Cha tatu kina ufa.
Cha nane kina yai la mjusi, dogo kama njugu;
nimelizunguka.
Cha kumi na tisa nikakigeuza tumbo,
vumbi likatoka, maandishi yakabaki,
penseli ya fundi, ile bapa ya kuchomeka sikioni:
*Kondo Magomeni. Bado 7,000.*

Kondo aliniambia amemaliza.
Aliapa na tonge mdomoni.
Siku hiyo tulimtania: Fundi Pazi wa pazia!
Akacheka, akakaza kamba, akakunja mfuko wake,
akarudi Keko kwa miguu.
Nikadhani anapenda kutembea.

Na siku ile ya turubai, wanaume nje, sisi ndani,
mimi nilikuwa dirishani hapa, upenyo wa kidole.
Kaka yake Kondo akasimama mbele ya jeneza:
anayemdai marehemu ajitokeze,
au atufuate nyumbani, au asamehe.
Kimya. Mtu akakohoa. Feni ya kukodi ikaguna.
Fundi Pazi, kanzu fupi, unga wa mbao kwenye nyusi,
akainua macho mpaka dirishani
akayashusha kibao kwa kibao,
kama anayehesabu.
Nikasema moyoni: masikini, anatazama kazi yake.

Sasa soksi imelowa, siki inaniwasha
penye mkato wa kisu cha vitunguu.
Mfuto mmoja tu. Penseli haina ubishi,
penseli si chipsi mayai.
Lakini kama alisamehe, nafuta nini?
Na kama hakusamehe,
nani amelala na elfu saba kifuani
mwaka wa nne huu, chini ya udongo ulioshindiliwa?
Na elfu saba ya wakati ule leo ni ngapi,
mbao imepanda, msumari umepanda,
hata soksi.

Nimekiruka.
Nimefuta cha ishirini, cha ishirini na moja,
mpaka chini, mpaka kamba, mpaka kifundo cha kamba
alichokifunga yeye na hakijawahi kulegea.
Mninga umerudi kuwa mwekundu
kama siku ulipoingia mlangoni ukinukia maranda.
Kimoja tu kina mstari tumboni,
pasipofika jicho la mgeni.

Kesho Keko. Nitabeba elfu kumi,
nitakataa chenji.
Akisema *deni gani, shemeji?*
akajifanya anatafuta futi kamba,
sitabishana naye mbele ya vijana wake.
Nitamwambia aje na kifutio,
afute mwenyewe, kwa mkono ulioandika.
Chai nitakuwa nimepika.

Lori linapita. Navuta kamba.
Nimechelewa.