Kiota Namba Arobaini na Tatu

Nainua kifuniko. Harufu ya samaki wa jana,
ya kinyesi, ya manyoya yasiyokauka.
Jike la ngwini, kimo cha buti langu,
ananitazama kama mpangaji
amtazamavyo mwenye nyumba asiyebisha hodi.
Kilo moja na gramu sabini. Naandika.
Ananidonoa kidole. Hilo siandiki.

Miaka kumi na tisa nimeinua vifuniko
katika machimbo ya kale ya Oamaru,
alipokata mjomba Tiopira mawe meupe
ya kujengea benki na makanisa.
Machimbo yalipokufa, ngwini wakahamia.
Nami usiku baada ya usiku, tochi mkononi,
niliwaambia watalii waliojikunyata kwenye mabenchi:
"Hawa ndio wenyeji. Walikuwepo kabla yetu sote."
Nilisema kwa fahari, kana kwamba nimewaatamia mwenyewe.

Akaja Catriona Meikle kutoka Dunedin
na sindano nyembamba kama sharubu la paka.
Tone moja chini ya bawa,
bawa lisilojua kuruka, la kupigia maji tu;
tone dogo kuliko punje ya ulezi.
Akaondoka na sanduku la barafu.
Miezi saba kimya.
Barua ikafika siku ya mvua, imelowa pembeni.

Vinasaba vya ndege wako, aliandika,
si vya jamaa zao wa kaskazini.
Ni vya Australia.
Walivuka bahari karne chache zilizopita,
jana tu, kwa saa ya mawe haya.
Na mifupa tuliyoifukua kwenye majalala ya kale ya pwani,
ile ya chini kabisa, ni ya wengine.
Wale wa kwanza.
Waliokuwepo mlipofika na mitumbwi yenu, mna njaa.

Niliisoma sentensi hiyo nikiwa nimesimama.
Nikaisoma tena nimekaa.

Damu nzito kuliko maji, husema watu.
Hii ilikuja juu ya maji, ikaelea,
ikatua kwenye nyumba iliyoachwa wazi
na hakuna aliyeuliza, kwa kuwa kanzu ilikuwa ile ile,
samawati mgongoni, nyeupe kifuani,
na jina letu kwao lilikuwa moja: kororā.
Tuliona kanzu, tukadhani fundi ni mmoja.

Ndege wafananao huruka pamoja.
Hawa hawaruki,
na kufanana kwao kulikuwa machoni mwangu.
Catriona alinisikilizisha sauti mbili za madume:
la kwetu hukoroma kama bawaba yenye kutu,
la kaskazini hupanda, hupanda, kisha hukatika.
Wa kwetu hungoja giza, wakapanda ufuko kwa kundi zima;
mwaka wa neema hulea vifaranga mara mbili.
Nilikuwa na haya yote daftarini,
kwa mwandiko wangu, kwa kalamu yangu.
Nilidhani ni hali ya hewa.

Nilimpelekea mjomba habari, na mkate wa viazi.
Ana miaka tisini na mmoja. Akatafuna kwanza.
"Kwa hiyo tuliwala wenyeji, tukawafuga wageni."
"Mjomba, ni karne tano."
"Mgeni siku mbili, ya tatu umpe jembe.
Hawa wamekwisha kulima, wamevuna."
Akafuta makombo kwenye kidevu.
Kisha, akiangalia dirisha, si mimi:
"Walikuwa watamu, alisema bibi. Wale. Au hawa.
Bibi hakujua ni wapi."

Leo jioni mabenchi yamejaa.
Mtoto mmoja ameuliza: ni wa hapa?
Nimefungua mdomo, na wakati huo huo
kundi la kwanza likachomoka kwenye povu,
likasimama, likajikung'uta,
likapanda mawe likitangulizana na kusukumana
kama watu wanaorudi kwao.

Usiku nimechora safu mpya daftarini,
kulia kwa uzito, kushoto kwa tarehe.
Bado haina kichwa.
Namba arobaini na tatu analalia mayai mawili.
Moja limeanza kupasuka.