Usikate Mikono

Gocha ana chumba juu ya duka la mikate, Zestaponi,
na harusi za watu kazipanga katika makasha ya viatu.
Tulipanda ngazi mimi na Malkhaz, theluji ikituyeyukia miguuni.
Akatupa kahawa nyeusi na swali moja:
"Mnataka kukumbuka, au mnataka kutazamwa?"
Tukacheka. Kumbe hatanii.

Akafungua ya kwanza, mtindo wa sinema.
Bibi harusi anageuka polepole, shela linapepea
mahali pasipo upepo
(binamu yake Gocha alikuwa kichakani, na feni).
Droni ikapaa juu ya kanisa, juu ya mizabibu,
hata wageni wakawa punje za mchele kwenye sinia.
Vinanda vikalia. Dakika nne, kwisha.
Malkhaz macho yakamtoka. "Hii," akasema,
"hii hata adui ataipenda."

Ya pili ilikuwa ndefu kama kesi ya shamba:
saa tano, kamera moja, hakuna kilichoachwa.
Mjomba anatafuta ufunguo wa gari.
Watoto wanagombania jibini chini ya meza.
Mkuu wa karamu anainua pembe ya divai,
anawaombea wazazi, wafu, majirani,
na wazazi tena, maana amesahau alishawaombea.
Hii mama mkwe angeilipia mara mbili.
Nani alikuja, nani hakuja,
nani alikula na bahasha yake ilikuwa tupu:
ushahidi.

Ya tatu ilitiwa mikwaruzo kwa makusudi,
rangi ya chai iliyopoa,
kana kwamba tulioana kabla mama zetu hawajazaliwa.
"Vijana wa Tbilisi ndiyo yao," Gocha akasema,
akapandisha mabega.

Bei akaiandika nyuma ya bahasha.
Sinema ilikuwa bei ya ng'ombe anayekamuliwa.

Nikamwambia, rudisha ya kwanza. Sasa zima sauti.
Akanitazama kama niliyeagiza supu isiyo na maji.
Akazima.

Nyuso zikabaki, nzuri, zimekatwa kifuani,
midomo ikifumbua na kufumba
kama ya samaki ndani ya tangi la kioo.
Mkono ulioinuka kutaka kusema neno
ulifika ukingoni mwa picha, ukapotea.

Baba yangu Murman hajasikia kitu tangu homa ya utotoni.
Mama naye hasikii. Walikutana kiwanda cha makoti,
kwenye safu ya mashine ambazo wengine walizikimbia kwa kelele.
Mimi nilisema kwa vidole kabla ya ulimi.
Taa zikizimwa usiku sikuogopa zimwi;
niliogopa kwamba gizani
hakuna awezaye kunijibu.

Siku hiyo baba atasimama kunena.
Kwanza ataweka glasi chini,
maana hawezi kushika divai na kusema kwa wakati mmoja.
Ukimwonyesha uso tu, Gocha,
utakuwa umemziba mdomo harusini kwa mwanawe.
Kwetu mkono si kinara cha pete.

Gocha akakuna kidevu. Chini, mwoka mikate
alikuwa akimfokea mtu kwa sababu ya hamira.
"Basi nirudi nyuma hatua tatu," akasema,
"nichukue kuanzia kiunoni. Ila shela litaonekana dogo."
Na liwe dogo.

Malkhaz alikuwa bado akiiomboleza droni.
Nikamwachia dakika mbili za mizabibu, bila vinanda.
Akashusha pumzi, akaweka kikombe chini,
akainua mikono yake mizito ya fundi bomba
— mwaka mzima anajifunza, kwa siri ambayo si siri —
ili amwambie Gocha, kupitia kwangu: hatua nne ni bora.
Kidole kikateleza. Akasema:
ng'ombe wanne.

Nilicheka hata kahawa ikamwagika kwenye bahasha ya bei.
Nikamuuliza Gocha kama kamera ilikuwa imewashwa.
Haikuwa.