Shimo la Tatu

Shimo la kwanza la choo lilimezwa na ziwa
mwaka ule mvua ilipokataa kuaga.
La pili tulilichimba juu ya vichanja vya dagaa,
hatua arobaini, nilizihesabu mwenyewe;
ziwa likaja kulikagua usiku wa kuamkia Pasaka.
La tatu tunalichimba leo, chini ya mwamba,
mimi na Mugeta, na sururu ya kuazima
ambayo mwenyewe keshaiulizia mara mbili.

Futi moja, udongo wa mihogo.
Futi mbili, kizibo cha soda, betri ya redio.
Futi tatu, mchanga.
Si wa mlimani huu. Ni wa ufukweni,
mweupe, una magamba ya konokono,
unene wa viganja viwili,
na ndani yake hakuna mtu.
"Limeshawahi kufika hapa," Mugeta akasema,
kwa sauti ya mtu aliyegundua kuwa mdai wake
alishalala ndani ya nyumba yake.

Kisha sururu ikalia.
Si mlio wa jiwe; mawe ya Namaguzi tunayajua kwa sauti.
Huu ulikuwa mlio wa sahani
inayovunjikia chumba cha pili wakati kuna mgeni.

Kigae. Kigae kingine, chenye mistari kama nywele zilizochanwa.
Majivu. Miiba ya ningu na furu, sangara hata mmoja.
Mavi ya chuma, mazito, meusi, ndoo nzima.
"Na sisi tumekuja kuongezea yetu," Mugeta akacheka,
kisha akaacha kucheka.
Chini kabisa, kitako cha chungu,
na katikati ya kitako kibonyeo:
mtu alibonyeza kidole gumba udongo ungali mbichi,
akauweka juani, akaenda zake.

Bi Kokuhirwa alikuja na meli ya Alhamisi kutoka Mwanza,
na brashi, na kamba, na viatu visivyojua matope.
Akapiga magoti kwenye choo chetu siku tatu.
Miaka elfu mbili, alisema, huenda na zaidi.
Waliyeyusha chuma. Walilima. Walijaa kisiwa kizima.
Nikamuuliza walikwenda wapi.
Akafuta miwani kwa pindo la kanga ya mama.
"Labda maji. Labda kiangazi kirefu kabla ya maji.
Labda walikwisha maliza miti kwa ajili ya tanuri,
mlima ukabaki bila shati.
Ni kama ugomvi wa ndoa:
ukiuliza ulianza lini, kila mmoja ana siku yake."

Nikatazama mlima wetu.
Tunakausha dagaa kwa jua, ndiyo, lakini jua likigoma tunachoma,
na tanuri la matofali la Mafuru halijapoa tangu Januari.
Sikusema kitu. Hakuniuliza.

Aliondoka na maboksi mawili.
Pale Mwaloni, nilipompeleka pamoja na magunia yangu,
wapagazi walibishana kama ni dhahabu.
Kisado kimepanda bei; samaki wamepungua;
gati limeongezwa zege tena,
zege jipya juu ya zege la mwaka juzi,
tabaka juu ya tabaka, na katikati yake
kandambili moja ya mtoto, imekwama.

Mama amekataa tumalizie shimo.
"Wamefunikwa na maji, wamefunikwa na mchanga,
leo muwafunike na nini?"
Basi tumelifukia. La nne litakuwa wapi, sijui.
Juu ya hapo ni mwamba, na mwamba hauchimbiki.

Kile kitako cha chungu Bi Kokuhirwa hakukiona.
Mama alikificha chini ya tenga la kuku.
Amekigeuza, chini kiwe juu,
na kila asubuhi hutia maji kwenye kibonyeo.
Yanajaa pale pa kidole tu.
Yanatosha kifaranga mmoja,
kisha mwingine anangoja.