Kipimo cha Chumvi

Gombojav amerudi, mara ya tatu tangu theluji ianze.
Mwanawe kamleta kwa pikipiki, kilomita arobaini za barafu,
kamfunga mshipi kiunoni asidondoke,
miguu imevimba, buti zimekatwa
kwa mkasi wa manyoya ya kondoo.

Naanza ninapoanza siku zote: sijamgusa.
Nasimama mlangoni nazihesabu pumzi zake
kabla hajajua zinahesabiwa,
maana pumzi ikijua inatazamwa hujitia adabu.
Ishirini na nane.
Midomo imeiva zambarau. Analala kwa kukaa.

Kidole gumba juu ya ugoko, nabonyeza.
Shimo linabaki, unyayo kwenye theluji laini;
nahesabu hadi tisa
ndipo ngozi inakumbuka umbo lake.
Uzito: kilo sita zaidi ya siku tuliyomruhusu.
Presha, mapigo, oksijeni, kila namba
inaingia safu yake kama kondoo anayejua zizi.

Daktari Zorigt anasikiliza kifua, anaandika: moyo.
Hajakosea. Moyo umechoka.
Anaongeza dawa ya kukojoza, maradufu,
na akitoka: "Mwambie aache chumvi,"
kama alivyoniambia Oktoba,
kama nilivyomwambia mzee Oktoba,
naye akaitikia kwa kichwa,
na kichwa kile, nilijua tangu siku ile,
kiliitikia ili niondoke.

Daktari kachukua ugonjwa. Mimi nimeachiwa mgonjwa.

Usiku, jiko la makaa likinguruma, navuta kigoda.
Simuulizi kama anakula chumvi;
swali hilo huja na jibu lake mfukoni.
Nasema: nieleze asubuhi yako.
Ukiamka, mkono unashika nini kwanza?

Anacheka, anakohoa. "Birika.
Maziwa, majani, chumvi. Chai, kama watu wote."

Chumvi anatia nani?

Kimya.
Kwenye fomu yangu pana mstari mfupi, Hali ya ndoa.
Oktoba nilijaza: mgane.
Nikageuza ukurasa.

"Alikuwa akitia Tsendayush," anasema.
"Miaka arobaini na mmoja, sikumwona akipima.
Alitia huku anaongea.
Sasa natia mwenyewe. Naonja: siyo.
Naongeza. Siyo.
Naongeza tena.
Bakuli la kwanza narushia mbingu, kama yeye,
iliyobaki naimaliza,
namtafuta."

Kalamu yangu inaandika: maji yamezidi mwilini,
kutokana na chumvi,
kutokana na
(kitabu cha chuoni kinataka sababu,
dalili zake, na lengo linalopimika kabla ya Ijumaa)
kumtafuta mtu kwa ulimi.
Nafuta. Muuguzi mkuu hukagua Jumatatu.
Naandika: majonzi.
Natazama neno lile. Dogo, lakini linapita mlangoni.

Asubuhi nampigia bintiye, Altanzul,
simu inakatika-katika, mbwa wanabweka bondeni kwake.
Mama yako alikuwa akitia chumvi kiasi gani?
"Mama? Punje tu, za kuombea samahani.
Alikaanga uwele kwa siagi kwanza, mpaka unukie.
Baba hajui? Ah, angejuaje.
Alikuwa nje na farasi."

Basi Alhamisi wadi nzima inanuka siagi.
Mpishi ananung'unika, ananiazima sufuria.
Uwele nusu kikombe, na punje
ninazozihesabu mbele yake, moja moja,
apime kwa macho, arudi nazo nyumbani.

Anashika bakuli kwa mikono miwili. Anakunywa.
Anatazama dirishani muda mrefu
kuliko dirisha lile linavyostahili.
"Siyo," anasema.
Ananyoosha bakuli niongeze.
"Lakini wanajuana."

Ijumaa kilo nne zimekwenda na maji.
Nabonyeza ugoko.
Moja, mbili, tatu,
na ngozi inarudi.