Sifuri Nukta Nane

Miaka thelathini na moja kazi yangu ni hii:
kuuweka umeme mbali na ngozi za watu.
Nazima kwanza, napima, napima tena, ndipo nashika.
Fundi aliyenifunza hapa Trondheim
alikuwa na vidole vitatu mkono wa kushoto.
Hakuhitaji kusema mengi.

Na leo Alhamisi, theluji haijaamua kama ni mvua,
nimemleta mke wangu kwa gari la kazi,
ngazi ikigonga paa kila kona,
ili wautie umeme kichwani mwake.

Sahihi ametia mwenyewe, Ragnfrid,
mkono ukitambaa kwenye karatasi kama konokono.
Dakika nne kwa jina moja.

Mkono huohuo, mwezi Mei, ulinunua kinanda cha kanisa.
Kanisa lilikuwa linafungwa, upande wa Uswidi,
kikaja na lori, mabomba mia mbili na kumi,
tukayalaza gerejini kama samaki wa kukausha.
Usiku tisa hakulala.
Usingizi, aliniambia, ni kodi ya maskini,
nami nikacheka, Mungu anisamehe,
maana ilichekesha.

Septemba fyuzi zikakatika, moja baada ya moja:
sauti, hamu, chakula,
mwisho hata machozi.
Alikaa jikoni akiutazama mlango wa friji
kama abiria anayengoja treni itangazwe.
Na lithiamu, iliyomlinda miaka kumi na minane,
kumbe ilikuwa inamla figo.

Nikamwuliza daktari: ampea ngapi?
Alidhani natania. Akaviangalia viganja vyangu, akajibu:
sifuri nukta nane. Sekunde sita, labda saba.

Sifuri nukta nane.
Robo yake ikipita kifuani, moyo unasimama.
Nimeiona, kule Heimdal, mwaka wa tisini na nane,
na sitaki kuieleza.

Mashine haizidi redio ya marehemu baba.
Niliinama kuikagua soketi.
Waya wa ardhi upo, umekazwa barabara.
Aliyeufunga simjui. Ningempa mkono.

Nusukaputi ikaingia mshipani. Mpira kati ya meno.
Kifundo cha mguu wa kulia wamekibana kwa mkanda,
dawa ya kulegeza misuli isifike huko,
ili mguu mmoja useme kweli
mwili wote ukiwa kimya.
Nilijikaza kuona degedege la kuvunja kitanda.
Ni vidole vya mguu tu,
vikidunda polepole, kama vya mtu
anayesikia muziki chumba cha pili.
Sekunde thelathini na nane. Nilihesabu.

Mara ya nne alikula yai.
Mara ya saba akauliza:
Eilif, nani katuletea mabomba haya?

Harusi ya Ingunn, Juni, kule Bodø: haipo.
Alicheza hadi kiatu kikapasuka, ninazo picha,
anazitazama kwa adabu, kama za jirani.
Nikasema, nitakusimulia.
Akasema, usinisimulie yote siku moja.

Na lile neno nililomtamkia Agosti, mlangoni mwa gereji,
nalo limekwenda na maji.
Kwake. Mimi ninalo.
Nimelibeba hadi hospitali na kurudi, mara kumi na moja,
chini ya kiti, pamoja na koleo na tepu.
Nimwambie? Mtu aliyeamka juzi?
Nikinyamaza, ni huruma au ni wizi?
Sina kipimo cha kupimia hilo.

Jumamosi nikamkuta gerejini,
koti juu ya nguo ya kulalia,
ameshika bomba dogo, mfano wa kidole, analipuliza.
Likakoroma.
Limeziba, akasema, bila kugeuka.
Wewe si una waya mwembamba?

Nikamletea wa shaba,
milimita moja na nusu.