Ritifaa

Usiku huu nimempa kazi mkaguzi.
Programu-jalizi ndogo, haina sura wala sauti;
nimeipachika kwenye kihariri, nikaiandikia kanuni moja:
herufi ndogo, tarakimu, kistari katikati. Basi.
Chini yetu Kirumba inafunga maduka,
harufu ya dagaa wa Mwaloni inapanda ngazi bila hodi.

Ukurasa ni wa tiketi za kivuko cha Ukerewe.
Tumeushona watatu, kila mtu na uzi wake:
Masatu aliandika kitufeKikuu,
Nkwimba akaja na Kitufe_Kikuu,
mimi, sijui nilikuwa na haraka gani, kitufe2mpya.
Kitufe kilekile! Kwenye simu ya abiria
mara kijani, mara kijivu, mara hakipo.

Nabonyeza. Kioo kinaiva kama shamba la nyanya:
makosa mia mbili kumi na nne.
Mkaguzi hagombi. Anapiga mstari mwekundu chini ya jina,
anangoja.
Narekebisha. Narekebisha. Chai inaota utando.
Saa saba usiku mistari imebaki minne,
kisha mmoja:

orodha-ng'ambo

Hataki. Kwake ritifaa ni uchafu,
kinyesi cha inzi wa ziwani juu ya kioo
(hata mimi, mwanzo, nilikifuta kwa kidole).

Nikamkumbuka karani wa benki, dirisha la tatu:
"Dada, mashine haikubali hicho kialama,"
akanikabidhi kadi ya Ngwashi.
Cheti cha kuzaliwa kinasema Ng'washi.
Cha kidato cha nne, Nghwashi.
Kadi ya mpiga kura, Mwashi.
Mwaka mzima nilitembea na hati ya kiapo
kuthibitisha kwamba hao wanne wanalala kitanda kimoja.

Ningeweza kuizima kanuni. Kidole kilishafika.
Lakini nani ajuaye kuliko mimi
bei ya jina lenye miandiko minne?

Nikaandika orodha-ngambo.
Mstari mwekundu ukaondoka, kama mtu aliyelipwa.
Hilo ni jina la jikoni; mgeni halioni.

Kisha nikashuka mistari miwili,
pale ambapo mkaguzi hana mamlaka,
patakaposomwa alfajiri na mama mwenye tenga la vifaranga
akiuliza simu yake chombo kinaondoka saa ngapi,
nikaandika kwa herufi kubwa,
na kile kialama nikakigonga kwa nguvu kuliko inavyohitajika:

NG'AMBO.