Hesabu ya Soksi

Tukuyu haina jua la kuazimana.
Linapochungulia, saa nne na robo,
linajifanya mgeni aliyepita tu kusalimia:
hata kiti halijakipasha moto, limeaga,
na mvua imerudi kukaa mahali pake.

Basi soksi nazikaushia jikoni,
kwenye kamba iliyotoka msumari wa kalenda
hadi dirisha lililogoma kufunga tangu Pasaka.
Nazihesabu kama mwalimu wa zamu.
Za Lusubilo, mbili.
Za Tupokigwe, mbili
(moja imefumuka kisigino, inacheka).
Za baba yao,
moja.

Moja?
Nauliza. Nyumba nzima inapatwa na uziwi.

Lusubilo ana miaka tisa na majibu ya miaka hamsini:
"Mama, labda ilikauka, ikaondoka."
Huyu ndiye mla parachichi kwa kijiko,
akimaliza anaatamisha kokwa kwenye kikombe cha maji, dirishani,
eti uote mti.
Nina vikombe sita. Vitano vina mimba.
Wakija wageni nahesabu vichwa, nahesabu vikombe,
halafu naanza kuusifia uji wa bakuli.

Mdogo wake tunamwita Tupo kwa kifupi,
kosa letu wenyewe:
nikiita "Tupo!" baba na kaka wanaitikia "Tupo!"
na mwenye jina hayupo,
yuko chini ya kitanda anamtibu paka.
Atakuwa daktari, lakini wa ng'ombe tu,
maana ng'ombe, anasema, hawalii wakichomwa sindano.
Hajakutana na yule wa bibi yake kule Masoko.

Na baba yao, jamani, mtu mzima na kipara chake,
akipiga simu anasema, "Niko hapa getini,"
nami nawasikia kabisa wauza viazi wa Uyole
wakimgombania.
Kwanza nyumba yetu haina geti.
Miaka kumi na mmoja nimejifunza kutafsiri:
"getini" ni saa moja na nusu, weka maharage;
"nakaribia", lala, mume wangu hajaagana na watu;
akinyamaza, huyo kafika, yuko uani
anafuta matope ya viatu kwa majani ya mgomba
ili nisijue amepitia kwa Mwakibete kwenye bao.
Najua.
Hupiga mluzi akishinda.

Mimi? Mimi sina vituko.
Usiwaulize hao, watahesabu mpaka kuche.
Eti nasema, "Nimechoka, nani ataosha vyombo?"
na akisimama mtu namnyang'anya dodoki:
huyu anabembeleza sufuria, haoshi!
Naosha mwenyewe, nikinung'unika kwa mdundo,
na siku moja nilimkuta Tupo nyuma yangu anacheza.

Tuyaache hayo. Soksi.
Nimepekua mfuko wa shule, nimeinua godoro,
nimemsachi paka.
Nimetoa hotuba ya uzembe, sehemu ya kwanza,
nikaahidi sehemu ya pili baada ya kula.
Mbalaga zinatokota, mfuniko unarukaruka,
natupa mkono pale pale ninapoutupa kila jioni
kwenye kitambaa changu cha kuipulia sufuria
na kitambaa
kina kisigino.

Nimekitazama.
Kimenitazama, cheusi kwa masizi, mistari miwili juu.
Tangu Jumatatu!

Upesi upesi nikaisuuza, nikaining'iniza,
inanuka moshi na ndizi kama jumba la harusi.
"Imeonekana!" nikatangaza.
"Ilikuwa wapi?"
"Mlipoiacha."

Lusubilo akaitazama soksi,
akaitazama sufuria, mikono yake mitupu,
akanitazama mimi.
Hakusema neno.
Alikuja tu taratibu, kokwa mkononi linateleza,
akaniomba, kwa adabu zote alizofundishwa,
kikombe cha sita.

Nikampa.